Kanyaga, Shika, Achia

Jumatatu pedali ya klachi ilizama
ikabaki sakafuni.
Niliiinua kwa ncha ya kiatu, ikarudi shingo upande
kama mtoto aliyeitwa kuoga.
Ilikuwa mbele ya duka la mikate, gia ya pili.
Wauza viazi wakanivuta kwa kamba yao hadi nyumbani.

Niva ya marehemu Hamazasp: nyeupe zamani,
sasa rangi ya maziwa yaliyolala.
Fundi wa karibu na reli akanitajia bei.
Nikamwuliza kama ni pamoja na ng'ombe.

Basi nikanunua silinda kuu mwenyewe,
imefungwa kwa karatasi ya mafuta,
haizidi gunzi la hindi kwa urefu.
Kumbe kidude hiki ndicho
kinachoamua kama utatoka Gyumri au utabaki.

Kazi hii sikuijua. Najua kupima.
Miaka ishirini na sita nilipima uzi kiwandani,
gramu kwa gramu, hadi kiwanda kilipofungwa
na mizani ikauzwa kama vyuma chakavu.

Boneti juu, theluji ya Machi mgongoni, tochi mdomoni.
Nati mbili, spana ya kumi na tatu,
mahali ambapo hata mkono wa mtoto ungeuliza njia.
Ya kushoto ilifunguka kwa adabu.
Ya kulia ilikuwa na kutu, na kiburi juu ya kutu.
Niliigongea kwa jiwe. Nilitukana kwa Kiarmenia,
nikaongeza Kirusi.
Ikatoka na ngozi ya kidole changu.

Tone moja la mafuta ya breki likadondoka ubavuni
likala rangi. Alama ipo.

Silinda ya zamani niliipasua mezani, juu ya gazeti.
Ndani, mpira mdogo kama pete, umechanika.
Hamazasp alikuwa na tabia ya kuegemeza mguu kwenye klachi
hata pasipo sababu.
Nilimwambia. Nilimwambia.

Mpya ikakaa vizuri. Lakini bomba limejaa upepo,
na kutoa upepo kunataka watu wawili:
mmoja chini ya gari, mmoja kwenye pedali.
Kitabu hakikusema mtu mmoja afanyeje.

Sahak, ndugu ya mume wangu, anaishi ng'ambo ya ukuta.
Ukuta aliujenga yeye.
Umeingia kwangu sentimita arobaini na moja. Nilipima.
Miaka sita hatujasemezana.

Nikabisha. Nikamwonyesha spana.
Akatazama gari, akatazama kidole changu,
akaenda kuvaa viatu.

Nikalala juu ya zulia bovu, chupa ya jamu mkononi,
mpira mwembamba umezama ndani yake.
“Kanyaga.”
“Nimekanyaga.”
“Shika.”
“Nimeshika.”
Nafungua robo mzunguko. Mapovu. Nafunga.
“Achia.”

Tena.
Goti lake la kushoto lina chuma tangu jeshini;
nilikuwa nimesahau.
Kila nikisema kanyaga, nasikia pumzi yake
inapita puani kama mtu anayenyanyua gunia.
Nikasema polepole zaidi.
Mapovu makubwa, mapovu ya dagaa, kisha moja moja,
kisha mafuta matupu, rangi ya chai ya mgonjwa.

“Imekaza,” alisema.
Neno hilo sikumtuma.

Nilipojitoa chini, alikuwa ameshafika mlangoni kwake,
akizunguka ukuta kwa upande mrefu.
Sikumpa kitu. Hakuomba.
Sentimita ni zile zile.

Asubuhi nikaingia garini, mguu ukakanyaga hewa.
Kiti alikuwa amekisogeza nyuma
mpaka pale pale alipokuwa akikaa kaka yake.
Nilikaa hivyo kidogo, pedali mbali, usukani mbali,
kioo kikinionyesha dari.

Kisha nikakivuta mbele,
nikaenda kuwarudishia wauza viazi kamba yao.